Nanasi Lilipaswa Kuchemshwa Kwanza

Wengi mmeshaliona pishi lile la pipi za jeli za watoto linalozunguka kwenye simu, na wengi mmelisifu. Juisi ilichujwa vizuri, sukari ilikuwa ya kiasi, na trei ilipakwa mafuta kama inavyotakiwa. Lakini pishi liliharibika pale unga wa jelatini ulipomwagwa kwenye juisi ya nanasi isiyopita motoni, na yote yaliyofuata yalikuwa kazi bure.

Turudi hapo hapo. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo ni protini. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, na kazi yake ni kuikatakata protini. Papai lina ndugu yake, papaini, na hapa ndipo ninaposhindwa kumwelewa mpishi wetu. Wachoma mishkaki wa pwani wanapaka nyama papai bichi ili ilainike tangu zamani, bila kusoma kemia. Mtu aliyekulia kwenye majiko hayo angejiuliza mara moja: tunda linalolegeza nyama litaiacha vipi jelatini ishikamane?

Kibaya zaidi ni moto wenyewe. Alisisitiza juisi iwe vuguvugu tu, asiue vitamini. Bromelaini huchapa kazi hasa kwenye nyuzijoto 50 hadi 60 hivi, kwa hiyo moto ule haukutosha kuiua, bali uliichochea. Mliona kijiko kilipoinuliwa: mchanganyiko ulichuruzika wote, haukuacha hata utando mgongoni mwa kijiko. Dalili ilikuwa wazi na nafasi ya kujirekebisha ilikuwepo. Badala yake ikaongezwa pakiti ya pili ya jelatini, yaani kimeng'enya kikaongezewa chakula, kisha trei ikasukumwa kwenye friza. Kilichotoka humo kilikuwa kigumu kwa sababu kiligeuka barafu, na kilipokaa sahanini kidogo tu kikaanza kutoa maji pembeni. Kuwaambia wazazi kwamba hiyo ni jeli ni kuwapotezea nanasi, jelatini na pesa.

Kilichotakiwa ni kuichemsha juisi itokote dakika chache, kuiacha ipoe kidogo, ndipo kutia jelatini iliyolowekwa kwenye maji baridi. Nanasi la kopo hugandishwa bila shida kwa sababu limeshapikwa kiwandani. Najua watakaosema kuchemsha kunapoteza vitamini C. Sehemu yake hupotea, sikatai. Basi nanasi lichemshwe peke yake, na likishapoa likamuliwe chungwa au ndimu, ambazo hazina ugomvi na jelatini. Mtoto atapata vitamini yake na jeli itashika.

Ila swali langu la siku zote linabaki: kwa nini kila pishi la jeli lianze na jelatini? Nimeliandika mara nyingi na nitaendelea kuliandika. Jelatini mara nyingi hupimwa kwenye vifuko visivyo na maandishi, na mama Mwislamu hana namna ya kujua kama imetoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe. Wapishi wa faluda wa Mombasa na Unguja walishalimaliza suala hili kwa agari, inayotokana na mwani. Agari si protini, hivyo bromelaini haina cha kuikata. Ikichemshwa hadi iyeyuke kabisa, huanza kuganda ikishuka karibu na nyuzijoto 40, bila hata friji, na haiyeyuki tena mpaka ikaribie 85. Mabibi wale walikuwa mafundi kuliko wengi wanaojirekodi leo.

Atasema mtu kwamba agari hukatika mdomoni, haivutiki kama pipi ya dukani. Ni kweli, na kwa jeli ya kuliwa nyumbani ikitoka kwenye friji, jelatini yenye chanzo kinachojulikana ina haki yake. Lakini pipi hizi zilitangazwa kuwa za kubeba shuleni. Jelatini hulegea joto likikaribia nyuzi 30, na Dar es Salaam ya Februari hufika huko mapema. Hata kama nanasi lingechemshwa, kontena likifunguliwa mapumziko ya saa nne vipande vingekuwa vimeshagandana.