Pete Iliyotoka Wedemark

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni za Sennheiser HD 800 S mna pete. Upana wake ni milimita 56, na katikati yake pana tundu. Sifa zote ninazotaka kuzitoa hapa zinaanzia kwenye tundu hilo.

Hedifoni nyingi hutoa sauti kwa kiwambo, yaani utando mwembamba wa plastiki uliogandishwa kwenye koili ya waya, nayo koili inaelea kati ya ncha za sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili huenda mbele na kurudi nyuma, na kiwambo hufuata. Kiwambo kikipanuliwa husukuma hewa nyingi, na besi hutoka bila kulazimishwa. Tabu iko kwenye sauti nyembamba. Ukikitaka kiwambo kipana kiende na kurudi mara elfu kumi kwa sekunde moja, hakiendi chote kwa pamoja: sehemu iliyoshikwa na koili inatii, katikati inajikunja kivyake, na sikio linapokea mambo mawili yasiyopatana. Watengenezaji wengi walilikwepa jambo hili kwa kupunguza ukubwa wa kiwambo. Wahandisi wa Wedemark, kaskazini mwa Hannover huko Ujerumani, wakiwa na Axel Grell mbele yao, waliiondoa katikati yenyewe. Ikabaki pete, imeshikwa ukingo wa nje na wa ndani, kubwa kiasi cha kusukuma hewa ya besi, nyembamba kiasi cha kutopata nafasi ya kujikunja. HD 800 ikatoka nayo mwaka 2009. Fundi wa kawaida huongeza kitu pale kifaa kinaposumbua. Kutoa, tena kutoa moyo wa kifaa, kunataka mtu anayeijua kazi yake hadi chini kabisa.

Kazi hii ina ukoo mrefu kuliko tunavyodhani. Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliunda hedifoni zake jikoni, na mwaka 1910 Jeshi la Majini la nchi yake likaanza kuzinunua. Eugen Beyer alitoa hedifoni za DT 48 huko Berlin mwaka 1937. John Koss wa Milwaukee, mwaka 1958, aliwapa watu wa nyumbani hedifoni za stirio. Kisha mwaka 1968 Sennheiser wakatoa HD 414, zilizokuja kujulikana kwa sponji za manjano, na kwa mara ya kwanza mgongo wa kiwambo ukaachwa wazi. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba sikio lazima lifungiwe ili lisikie besi. HD 414 ilithibitisha kuwa hewa iliyo nyuma ya kiwambo ikiachwa itoke, muziki unapumua. HD 800 S ni mjukuu wa uamuzi ule.

Hedifoni za wazi hazizuii chochote. Feni, bodaboda, jirani anayetazama mpira, vyote vinaingia. Kwa hiyo Dar es Salaam mtu huzisikiliza baada ya saa sita usiku, au hazisikilizi kabisa. Usiku wa kwanza nilizivaa na kushangaa kwamba gramu 330 zinaweza kukaa kichwani bila kubana. Vikombe vyake ni vikubwa mno, sikio lote linaingia na haligusi kitu. Nilianza na Ikhwani Safaa, kundi la taarab lililoanzishwa Unguja mwaka 1905, katika rekodi walizofanyiwa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwishoni mwa miaka ya 1980. Nilichokipata kwanza ni nafasi. Fidla zilikuwa upande wake, qanuni upande wake, na kati yao palikuwa na hewa niliyoweza karibu kuipima kwa hatua. Nilisikia mpigaji qanuni akigusa uzi kabla uzi haujalia. Sikuwahi kuusikia mguso ule katika rekodi hiyo, na nimeishi nayo muda mrefu.

Lakini besi ilikuwa haba. Fidla zilipopanda pamoja zilikuwa na ukali, na kila “s” ya mwimbaji ilijitokeza mbele ya neno lake. Nilimweleza rafiki yangu, fundi wa studio, naye hakusita hata kidogo: “Kaka, usizihukumu bado. Ziache zilie kwanza. Saa mia mbili, usiku na mchana. Zikishaiva ndipo uzisikilize.”

Ushauri huo wanaupata wanunuzi wa hedifoni za bei mbaya kila mahali. Wanaouamini husema kiwambo kipya ni kigumu, kinahitaji kutikiswa hadi kilegee, na kwamba kabla ya hapo besi imefungwa na sauti za juu zinachoma. Wengine huziunganisha na chombo kinachotoa mvumo mfululizo, huziweka kabatini na kuzisahau. Hawakuyatunga haya kutoka hewani. Spika kubwa za sebuleni kweli hubadilika zikianza kutumika. Koni yake nzito imeshikwa na raba pembeni, na nyuma imeshikwa na kitambaa kilichotiwa gundi na kukunjwa mikunjo. Vitu hivyo vikinyooshwa mara nyingi hulegea, na vipimo huonyesha wazi kuwa mlio wa asili wa spika umeshuka kidogo. Fundi aliyezoea spika ana haki ya kudhani hedifoni nazo ni hivyo hivyo.

Tofauti ni kwamba ndani ya hedifoni hamna raba wala kitambaa cha gundi. Kuna utando mwepesi sana unaosogea umbali mdogo sana. Tyll Hertsens, Mmarekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzipima hedifoni kwenye kichwa bandia, aliziweka AKG Q701 mpya kwenye mvumo wa saa nyingi, akazipima kila baada ya muda. Mabadiliko aliyoyaona yalikuwa madogo mno, sehemu ya desibeli. Ukizivua hedifoni na kuzivaa tena zikakaa milimita chache mbele au nyuma ya pale zilipokuwa, unapata badiliko kubwa kuliko hilo. Yeye mwenyewe hakufunga mlango moja kwa moja, na namheshimu kwa hilo. Ila mlango aliouacha wazi ni mwembamba, na hadithi ya saa mia mbili ni pana mno kuupita.

Nina sababu nyingine ya kutoiamini hadithi hiyo, na hii inatoka kwenye kazi yenyewe. Kwenye hedifoni za kiwango hiki viwambo hupimwa, kisha huchaguliwa kwa jozi, ili kushoto na kulia viende sawa. Bila kulingana huko, ile nafasi kati ya fidla na qanuni isingekuwapo. Mwimbaji angekuwa anatangatanga kutoka sikio hili hadi lile. Sasa, kama plastiki ingekuwa inabadilika kwa kiasi cha kusikika, kila pete ingebadilika kwa njia yake, maana hakuna pete mbili zinazolegea sawasawa. Kuzichagua kwa jozi kiwandani kungekuwa kazi bure. Tena tungewasikia watu wakilalamika kuwa hedifoni zao zilikuwa nzuri siku ya kwanza na saa mia mbili zimeziharibu. Malalamiko hayo hayapo. Hadithi zote zinaelekea upande mmoja, upande wa uzuri, na sijawahi kuona plastiki yenye nia njema kiasi hicho.

Tuuangalie ule ukali, kwa sababu una historia yake. HD 800 ya mwaka 2009 ilikuwa na kilele kinachojulikana, karibu na hezi 6,000, mahali ambapo matoazi na “s” za mwimbaji zinakaa. Waliozipenda walikiri na waliozikataa walikitaja. Wapo waliosubiri kiive. Kilele hakikuenda popote, kwa sababu hakikutokana na ugumu wa plastiki. Kilitokana na umbo la hewa ndani ya kikombe, na umbo halilegei. Waliopata nafuu ni wale walioinamia vikombe na kubandika vipande vidogo vya kitambaa kizito cha sufu mahali panapofaa. Mwaka 2016 kiwanda chenyewe kikaleta jibu lake, na hapa ndipo ninapovua kofia. Ndani ya lile tundu la katikati, lililoachwa tupu miaka 7 iliyotangulia, wahandisi waliweka kifaa kidogo cha kumeza sauti, kilichojengwa kwa kanuni iliyoelezwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Puliza mdomoni mwa chupa ya soda usikie mlio wake mmoja: hewa ya shingoni inasogea, hewa ya tumboni inairudisha. Chupa hiyo hiyo, ikiwekwa mahali ambapo mlio wake tayari upo, huunywa. Wao waliipimia yao ule mlio unaosumbua, wakaacha mingine yote ipite. Hiyo ndiyo herufi S iliyoongezwa kwenye jina.

Kwa hiyo ninapoambiwa kuwa muda ndio unaozilainisha hedifoni, naona mtu fulani amedhulumiwa. Aliyekishusha kile kilele ni mhandisi aliyekaa na vipimo vyake. Kitu kilichonifikia mikononi kilikuwa kimekamilika tangu kilipofungwa kwenye boksi lake. Kusema kinahitaji saa mia mbili zaidi ni kumpa kabati langu sifa za watu wa Wedemark.

Hata hivyo, wanaosema wamesikia badiliko hawasemi uongo. Nami nimelisikia. Wiki zilivyopita, “s” zilirudi mahali pake na besi ya Ikhwani Safaa ikawa na tumbo, ingawa sikuwahi kuziacha zilie zenyewe hata usiku mmoja. Sehemu ya badiliko hilo iko kwenye mito ya masikioni. Sponji hupata joto na jasho, hulainika, hushika umbo la taya, na sikio husogea karibu na kiwambo. Hili linapimika vizuri, na kwa joto letu la pwani naamini linakuja mapema. Miwani huinua mto na kuachia mwanya. Ushungi au kofia ikipita chini ya mto hubadilisha sauti papo hapo kuliko mwezi mzima wa mvumo kabatini. Anayejisitiri na anataka kusikiliza vizuri atanufaika akiweka kitambaa juu ya hedifoni, si chini yake.

Sehemu iliyobaki, na ndiyo kubwa, iko ndani ya kichwa. Mwaka 1998 Paul Hofman na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha jaribio ninalolipenda kuliko majaribio yote ya usikivu. Waliwajaza watu viziba vya kufinyangwa kwenye mikunjo ya sikio la nje, bila kuziba tundu lenyewe. Ghafla watu hao wakashindwa kujua sauti inatoka juu au chini. Wakaachwa waendelee na maisha yao hivyo hivyo. Wiki chache baadaye uwezo ukarudi. Ubongo ulikuwa umejifunza sikio jipya. Na viziba vilipoondolewa, sikio la zamani lilikuwa palepale, halikuhitaji kufundishwa upya. Mtu mmoja alikuwa amebeba masikio mawili.

HD 800 S hazipigi sauti moja kwa moja kwenye tundu la sikio. Pete yake imewekwa mbali kidogo, mbele, imeinamishwa, ili sauti ipite kwanza kwenye mikunjo ya sikio la msikilizaji mwenyewe jinsi inavyopita mtu anapokaa mbele ya wapigaji. Naamini ndiyo maana hedifoni hizi zinadai kuzoewa kuliko nyingine nilizowahi kuvaa. Zinakuletea sauti kwa njia ambayo hedifoni hazijawahi kukuletea, na ubongo unakaa kitako kuisoma. Kazi hiyo haifanyiki kabatini. Anayeziacha zilie peke yake saa mia mbili kisha akazivaa, ataanza kujifunza siku hiyo anayozivaa, naye amejipunja wiki nzima ya muziki.

Rafiki yangu fundi hajakubali. Anasema masikio yake ya studio hayadanganyiki, nami namjibu kuwa masikio ya studio ndiyo yanayojifunza haraka kuliko yote. Tumekubaliana jambo moja tu: kwamba apate za kwake mpya, tuzifiche zangu na zake chini ya kitambaa kimoja, asikilize bila kujua zipi ni zipi.

Kuna mahali ninapozivua. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za HMV, na kila nakala niliyoisikia imebeba mkwaruzo wa sindano. HD 800 S zinauchukulia mkwaruzo ule kwa heshima ile ile zinayompa Siti: zinautenga, zinauweka mahali pake, zinauonyesha punje kwa punje, hadi sauti yake inakuwa ya pili. Kwa santuri hizo narudi kwenye HD 600 za mwaka 1997, kazi ya kampuni ile ile, zenye kiwambo cha kawaida kisicho na tundu la katikati, na mito ambayo nimeibadilisha kwa mikono bila bisibisi. Hizo zinauacha mkwaruzo nyuma na kumleta Siti mbele.