Nani Alisema Uzibe Mtambaa Panya?

Picha za lile banda la vifaranga waliokufa wote kwa usiku mmoja mmeziona. Zimezunguka kwenye simu za wafugaji wa Kyela kuanzia Ipinda hadi Kasumulu, na kila aliyeziona ana lake: huyu anasema mdondo, yule anasema sumu ya panya, mwingine jicho la jirani. Mimi nimeitazama kona moja tu, juu kabisa ya ukuta, pale turubai la bluu lilipogongewa misumari kwenye mtambaa panya na kuziba uwazi wote kati ya ukuta na bati. Vifaranga wale waliuawa na uamuzi wa kuligongea turubai hilo.

Mengine yalikwenda sawa: pumba za mpunga kavu na nene, duara la hadibodi lisilo na kona, vinyweo juu ya tofali, jiko la chungu katikati. Hayo sina neno nayo.

Twende kwenye saa tatu ya usiku huo. Mwera ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ziwani, ule upepo wa kusini mashariki ambao Juni hadi Agosti huwatia wavuvi wa Matema mashaka hata kabla hawajasukuma mitumbwi majini. Mlezi, kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia bandani akakuta vifaranga wa siku ya tatu wamebanana kukizunguka chungu, wanalia ile sauti kali isiyokatika ambayo kila mfugaji anaijua. Alisoma vizuri: wana baridi. Jibu lake ndilo lililoharibu. Alifunga madirisha ya mbao, akapanda juu ya ndoo akagongea turubai pande zote, akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa gunia. Kisha akaingiza jiko la pili, jiko la bati lililojazwa mkaa ambao ulikuwa haujakolea, akaliweka kando ya duara. Akaenda kulala akiamini amewafunika.

Asubuhi wote kimya. Sasa tazameni tena jinsi walivyolala, kwa sababu maiti za vifaranga zinasomeka. Anayekufa kwa baridi hufia kwenye rundo: wanapandana mahali pamoja, wa chini wanakosa pumzi, na asubuhi unawaokota wakiwa wamebanwa bapa. Anayekufa kwa joto hufia ukingoni, amekimbia moto mpaka hadibodi ilipomzuia, mdomo wazi, mabawa yameachana na mwili. Hawa hawakuwa na rundo wala hawakukimbilia ukingoni. Walikuwa wametawanyika duara zima, mmoja kando ya chakula, mwingine karibu na kinyweo, kila mmoja ameangukia alipokuwa. Midomo ilikuwa na wekundu wa waridi, na aliyepasuliwa alionekana ana damu nyekundu ng'avu. Mdondo hauui hivyo. Sumu ya panya haiwapati wote kwa usiku mmoja. Hiyo ni monoksidi ya kaboni.

Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi hiyo kwa wingi, na mkaa ambao haujakolea, uliorundikwa kwenye jiko lililojaa, ndio mbaya kuliko wote. Gesi haina harufu wala rangi. Hung'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani huendelea kujikusanya mwilini kadiri saa zinavyokwenda. Kifaranga anapumua haraka mno ukilinganisha na uzito wake, ndiyo maana huanguka kabla ya mtu. Mlezi wetu alilala chumba kingine. Kama angejilaza pembeni ya duara, kama wengi wanavyofanya wiki ya kwanza, leo tungekuwa tunaandika msiba.

Mwanya wa mtambaa panya ndio uliokuwa unawaokoa usiku wa siku mbili za kwanza. Jiko la chungu nalo hutoa gesi hiyohiyo, ila ilikuwa inapanda pamoja na hewa ya moto na kutokea chini ya bati. Alipoziba alifunga njia yenyewe, na papo hapo akaongeza jiko la pili. Hayo ni makosa mawili yanayozidishana.

Na aliziba ili kuokoa nini? Joto lililokuwa likitoka pale lilikuwa joto la juu, zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni. Kifaranga wa siku 3 amesimama sentimita 8 hivi kutoka kwenye pumba. Chumba kizima kilikuwa kinachomewa mkaa kwa ajili ya tabaka la hewa linaloishia magotini pa mlezi. Hata kama asingekufa hata mmoja, mkaa ule ungekuwa umechomwa bure.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Kyela iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai huku chini hushuka kidogo chini ya nyuzi 20, basi. Hatuko Isongole, hatuko Uyole, kwenye baridi ya milimani. Pengo la kuziba ni nyuzi 15 hivi, na vifaranga wenyewe ni majiko madogo: kila mmoja anatoa joto usiku kucha. Kinachotakiwa ni kulizuia joto hilo lisipande batini.

Saa tatu ile alihitaji gunia moja, mianzi minne na madumu matatu. Unafunga fremu ya mianzi, unatandaza gunia juu yake, unaiweka sentimita 30 kutoka kwenye pumba, ikifunika upande mmoja wa duara, mbali kabisa na chungu kwa sababu gunia na pumba vyote vinashika moto. Chini ya gunia unalaza madumu ya lita 5 yenye maji ya moto, yamefungwa vitambaa, vizibo vimekazwa. Dumu moja likipoa kutoka nyuzi 80 hadi 35 limetoa joto la takriban robo ya yuniti ya umeme, tena limelitoa taratibu, sentimita chache kutoka kifuani kwa kifaranga. Maji unayachemsha kwenye mafiga yaleyale yaliyopika ugali. Saa tisa usiku unaamka mara moja kuyabadilisha. Na turubai, kama mkono unakuwasha kulitumia, litundike upande wa ziwa tu, kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, likate upepo. Juu uache wazi.

Bibi zetu walilijua hili bila semina. Kuku mtetea alilalia nyuma ya mlango, kwenye nyumba ya mianzi iliyokandikwa udongo, nyumba ambayo Wanyakyusa walilala pamoja na ng'ombe wao, moshi ukipenya kwenye nyasi za paa. Tetea hakuwahi kupasha moto chumba. Alipasha vifaranga 10 au 12 waliokuwa chini ya manyoya yake, akawaacha watoe kichwa nje kila walipotaka hewa, na aliyepata joto alitoka mwenyewe, aliyepata baridi akarudi. Gunia juu ya mianzi ni tetea huyo. Kifaranga anachagua. Kwenye banda lililozibwa hana pa kuchagua.

Na kama bibi hawatoshi, waangalieni Wamisri. Maelfu ya miaka wameangua mayai kwenye tanuri za matofali ya udongo, kuni zao zikiwa samadi na majani makavu. Aristotle aliandika habari za mayai ya Misri yaliyoanguliwa ndani ya samadi, na Mfaransa Réaumur akazichambua tanuri hizo karne ya 18. Hawakuwa na kipimajoto. Fundi alilibandika yai kwenye kope la jicho akajua. Lakini kila tanuri ilikuwa na tundu juu, na ufundi wote ulikuwa hapo: kulifungua zaidi, kulifunga kidogo, kamwe si kuliziba moja kwa moja. Watu walioishi kwa kuchoma samadi ndani ya chumba chenye maelfu ya mayai hai walilinda tundu la hewa kuliko moto wenyewe. Sisi tuna simu mkononi na tunapigilia misumari.

Nani aliwafundisha wafugaji wetu kuziba? Nimelisema hili zamani na nitalirudia. Michoro inayogawiwa kwenye mafunzo mengi ni ya mabanda ya nchi za theluji, yaliyofungwa kila upande. Mchoro hauonyeshi kwamba banda lile lina feni zinazovuta hewa usiku na mchana na vipimo vya gesi ukutani. Mfugaji wa Mwaya anaona ukuta uliozibwa, anaiga ukuta, feni hana. Mwalimu anayekuja hadi Kyela na mchoro huo anapaswa kwanza aseme hewa chafu itatokea wapi, ndipo azungumzie moto.

Kuna la kipimajoto pia. Katika picha hizohizo kinaonekana kimetundikwa kwenye nguzo ya mlango, usawa wa macho ya mtu. Pale kinapima joto la mfugaji. Kishushe usawa wa mgongo wa kifaranga, chini ya gunia, au kiuze.

Mnaosema suluhisho ni umeme, nawasikia, lakini fanyeni hesabu kwanza. Taa ya joto ya wati 250 kwa saa 12 inakula yuniti 3. Siku 21 ni yuniti 63, na hapo hujawasha taa ya sebuleni wala kuchaji simu. Aliye kwenye kundi la wateja wadogo wa TANESCO, lile la yuniti 75 kwa mwezi, akijumlisha na matumizi ya nyumbani anaweza kulivuka kwa kundi moja tu la vifaranga na kuanza kulipa bei ya juu. Umeme ukikatika saa nane usiku, unarudi kwenye mkaa uleule, safari hii kwa haraka na usingizi machoni. Na tafadhali, acheni kutundika balbu za LED mkidhani zinapasha. Balbu ya zamani ya wati 100 ilikuwa jiko linalotoa mwanga kidogo. LED imetengenezwa makusudi isipoteze umeme kwa joto. Nimeona vifaranga wamelala chini ya LED ya wati 9 wakitetemeka, na mwenye nazo anasema taa ipo.

Ethiopia wamekwenda mbali zaidi: wafugaji wadogo wanalea kwa sanduku lililozungushiwa nyasi kavu, halina moto kabisa, vifaranga wanajipasha wenyewe na hewa inapita kwenye matundu. Kama linafaa kwenye nyanda zao za juu, penye baridi kuliko hapa, sioni kwa nini Kyela tuendelee kununua mkaa wa gunia zima. Kinachowekwa badala ya nyasi tunacho. Kila mashine ya kukoboa mpunga kutoka Kyela mjini hadi Ngonga ina kichuguu cha pumba nyuma yake, na pumba kavu zilizojazwa kati ya kuta mbili za boksi, unene wa sentimita 10, zinazuia joto vizuri kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Ziwe kavu kweli. Zenye ukungu huwapa vifaranga ugonjwa wa mapafu.

Vifaranga waliofika kwa gari wakipitia Uyole na Tukuyu wanahitaji uangalifu wa ziada usiku wa kwanza, maana wamevuka milima yenye baridi wakiwa kwenye boksi. Waingize chini ya gunia moja kwa moja, maji ya vuguvugu kwanza, chakula baadaye. Ukimshika mguu ukauona wa baridi kwenye kiganja, ongeza dumu. Wiki ya pili inua fremu hadi sentimita 40 na utoe dumu moja, wiki ya tatu bakiza dumu moja la alfajiri, na ya nne, kama Mwera umetulia, toa fremu yenyewe mchana na uirudishe jioni mpaka manyoya ya mgongoni yafunike ngozi.