Istilahi "Tanzia": Je, Ni Kifo Tu?

Neno tanzia lilikuwa na kazi yake kabla halijaingia katika fasihi. Mkazi wa Temeke au Kinondoni alisikiapo hujua kwamba kuna mtu amefariki. Huuliza ni nani, mazishi ni lini na matanga yapo wapi. Mwanafunzi wa mtaa huo huo hulikuta tena darasani, likitaja aina ya tamthilia. Kwa kuwa maana ya kwanza imekwisha kukaa moyoni mwake, huifasiri ya pili kwa ile ya kwanza: tamthilia yenye kifo ndiyo tanzia. Kosa hilo si lake; ni la fasili tunayompa.

Hebu tuipime fasili hiyo kwa tamthilia mbili zilizotafsiriwa na S. S. Mushi. Mfalme Edipode wa Sofokile hafi mwishoni mwa mchezo. Hujipofua macho na kuomba afukuzwe katika mji aliokuwa akiutawala. Afaye ni mkewe, ambaye kumbe ni mama yake, tena nyuma ya jukwaa. Watazamaji huletewa habari na mjumbe. Makbeth wa Shakespeare, kwa upande wake, huua na mwishowe huuawa. Edipode alitenda bila kujua. Makbeth alijua, akatenda. Basi kiungo chao si kifo. Ni kile alichokieleza Aristotle katika karne ya 4 kabla ya Kristo: mtu mwenye hadhi huanguka kwa kosa lake mwenyewe, bahati yake hugeuka, naye huutambua ukweli wakati hauwezi tena kumwokoa. Yafaa tuseme "kosa", wala si "dhambi", maana dhambi ya Edipode ni vigumu kuionyesha.

Ushahidi wa karibu zaidi ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Lakini uzito wa mchezo hauko kitanzini. Uko pale shujaa anapoona kuwa neno lake la maji limewaunganisha watu, na hilo hilo limewapeleka mbele ya bunduki. Akilikana, anaua umoja. Asipolikana, watu wanakufa. Mwanafunzi anayehesabu maiti hulipita jambo hilo bila kuliona.

Je, tulitupe neno tanzia? La. Limekwisha kuenea vitabuni na katika mitihani, na neno lililokwisha kutolewa halirudishwi kwa urahisi; Kinjeketile mwenyewe ni shahidi. Lililo mikononi mwetu ni fasili. Twapendekeza isomeke hivi: tanzia ni tamthilia ionyeshayo anguko la mtu mwenye hadhi, litokanalo na kosa au uamuzi wake, na kuwatia watazamaji huruma na hofu, kifo chaweza kuwamo, lakini si sharti.