Mkazo Unapohama

Anayetaka kujifunza Kihispania na achague kitenzi kimoja, akae nacho mpaka wazoeane. Mimi humshauri aanze na contar.

Maana yake ya kwanza ni kuhesabu: mtoto akihesabu vidole, muuza duka akihesabu chenji. Ya pili ni kusimulia: bibi akiwatolea wajukuu hadithi, shahidi akieleza alichokiona. Ya tatu hujitokeza kinapofuatwa na con: cuento contigo, nakutegemea wewe. Zote zimetoka kwenye computare ya Kilatini, yaani kuhesabu, ambayo ndiyo asili ya neno letu kompyuta. Ukizitafakari, utaona zinavyoshikana. Msimulizi hupanga matukio moja baada ya jingine, asiruke wala asirudie, kama anavyofanya mwenye kuhesabu. Naye anayekutegemea amekwisha kukuhesabu miongoni mwa watu wake. Gabriel García Márquez alipotoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 2002, alikiita Vivir para contarla: kuishi ili kuyasimulia maisha.

Sasa tukipitishe kitenzi hiki katika nafsi zote sita za wakati uliopo: cuento, cuentas, cuenta, contamos, contáis, cuentan. Mzizi cont- umegeuka kuwa cuent- mara nne, na mara mbili umebaki ulivyo. Mwanafunzi mwenye haraka hukariri jedwali hilo kimyakimya, akaliita ukaidi wa Kihispania. Kumbe angelitamka kwa sauti, sikio lingemfundisha. Katika cuento mkazo umeukalia mzizi. Katika contamos umesogea mbele, ukatua kwenye ta. Mkazo ukiwa juu ya o, o hiyo hupanuka ikawa ue. Ukihama, o hurudi mahali pake.

Jambo hili lina historia. Kilatini kilipokuwa kikigeuka polepole kuwa lugha ya Castilla, yaani Kihispania, o fupi iliyobeba mkazo ilifunguka ikawa ue, na isiyobeba mkazo ikasalimika. Ndiyo sababu mlango ni puerta lakini bawabu ni portero. Tisa ni nueve lakini tisini ni noventa. Na mwenyeji wa Venezuela ni venezolano. Irabu e nayo ilipita njia hiyo hiyo: saba ni siete, sabini ni setenta, nafikiri ni pienso, tunafikiri ni pensamos. Kinachoonekana kuwa kasoro ya kitenzi ni kanuni ya lugha nzima.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Tunasema anakula, amekula, atakula. Lakini tunasema akila, na hali. Ile ku huja na kuondoka kwa sababu ya mkazo: na, me na ta haziwezi kuubeba, basi ku huingia ili mkazo upate pa kukaa. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha hayo tukiwa watoto, na hatukosei. Mtoto wa Madrid, wa Bogotá au wa Malabo naye husema cuento na contamos kwa wepesi huo huo.

Uthibitisho ninaoupenda zaidi uko Argentina. Huko, badala ya tú cuentas, watu husema vos contás. Mkazo umehamia silabi ya mwisho, na papo hapo o imerejea. Kwingineko rafiki hukuambia cuéntame, nisimulie. Wa Buenos Aires atakuambia contame. Aliyekariri jedwali tu atababaika. Aliyeishika kanuni atakuwa amejua kabla hajaambiwa.

Kazi hii ya kutafuta kanuni imekuwa na mafundi wakubwa. Antonio de Nebrija alichapisha sarufi yake ya Kikastilia huko Salamanca mwaka 1492. Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas, alitoa ya kwake Santiago de Chile mwaka 1847 kwa ajili ya wasemaji wa Kihispania wa Amerika, na vitenzi vinavyobadilika akavipanga makundi kwa makundi. Nawaheshimu watu hawa kwa sababu walikataa kuamini kwamba mamilioni ya watu wanaweza kusema ovyo kila siku na bado wakaelewana.

Hata hivyo kanuni haifanyi kazi yote. Inakuonyesha badiliko linatokea wapi, haikuambii ni vitenzi gani vinavyobadilika. Comprar, kununua, husema compro bila mabadiliko yoyote. Hapo kumbukumbu haina mbadala, ila ina msaidizi: mara nyingi nomino ya jirani hukudokeza. Aliyeijua cuento, hadithi, amekwisha kuijua contar. Ndoto ni sueño, kuota ni soñar. Safari ya ndege ni vuelo, kuruka ni volar. Mchezo ni juego, kucheza ni jugar, chenye u yake ya pekee. Na ununuzi ni compra, mzizi ule ule usiotikisika.

Basi mwanafunzi asione haya kuketi na kitenzi kimoja jioni nzima, akikisema kwa sauti. Apite wakati uliopita: conté, contaste, contó, atasikia mkazo ukiwa nje ya mzizi na o ikiwa imetulia. Aende kwenye matakwa na amri: cuente, contemos, atasikia ue ikija na kuondoka. Halafu akitumie katika maana zote tatu: ahesabu, asimulie, amtegemee mtu. Siku atakapokutana na recordar, mostrar, almorzar na probar, hatakuwa na jedwali jipya la kukariri. Kitenzi kimoja kilichoeleweka mpaka kwenye mzizi kinashinda orodha ya hamsini iliyokaririwa usiku wa kuamkia mtihani.