Viza, Idhini na Kibali
Tumeona istilahi "viza ya mtandaoni" ikitumiwa kwa idhini ambayo, tangu Januari 2009, Marekani imeidai kwa wageni wa nchi zilizosamehewa viza. Hatuwezi kuikubali: waombaji ni wale hasa wasiotakiwa viza! "Kibali cha kuingia" ndicho kinachopotosha zaidi. Idhini hiyo humwezesha msafiri kupanda ndege au meli tu; wa kumruhusu kuingia ni ofisa wa mpakani, naye aweza kukataa. Kwa hiyo twapendekeza "idhini ya kusafiri". Kenya nayo ilipofuta viza Januari 2024, ilianza kudai idhini ya namna hiyo kwa dola 30. Aliyesoma "bila viza" akaelewa "bila maombi" angezuiliwa kabla ya kupanda ndege.