« Ku D haitapotea »: neno juu ya namna tunavyoformate mashini zetu

Kwetu hapa Bukavu, mashini ikianza kuwa nzito, dawa ni moja tu: formate. Inachelewa kuwaka? Formate. Virusi? Formate. Klavye inaandika herufi moja mara mbili? Jamani, hata hiyo, formate. Vijana wetu wenye kutengeneza mashini ninawaheshimu, wengi walijifunza bila mwalimu na wanatutoa katika shida nyingi. Lakini kazi yao inastahili kuchambuliwa, kama vile juri inavyochambua memwari yako siku ya kuitetea. Leo juri ni sisi.

Tuanzie pale panapouma. Fundi anakuuliza mafaili iko wapi. Unasema iko ku biro na ku Documents. Anahamisha yote ku D, anakutuliza, « ku D haitapotea », anafuta C, anaweka Windows mpya. Mara nyingi inapita vizuri, ndiyo maana wote tunaamini. Lakini C na D siyo diski mbili! Kwenye mashini zetu nyingi ni diski moja imekatwa vipande viwili, sawa shamba moja ulilogawa na kamba katikati. Maji ya mto ikipanda, haiangalie kamba. Tena mashini nyingi inakuwa nzito juu diski yenyewe iko inakufa, halafu wewe unailazimisha kusoma na kuandika giga nyingi kwa mupigo moja. Mwenzetu mmoja wa promosheni alikuwa na vipimo vyake vya maharagwe, msimu A na msimu B, vyote ku D. Fundi hakugusa D hata kidogo. Siku ya tatu diski ikakata. Vipimo vya misimu miwili huwezi kuvirudia kwa wiki moja, hata direkta wako awe mtu wa huruma namna gani.

Mama yeyote wa kijijini anajua hii kazi kuliko sisi: hachome majani ya shamba mbele ya kutenga mbegu, na mbegu haiachi ndani ya shamba lile lile anaenda kuchoma. Sisi wa agronomia tunaongeza jambo moja, jaribio la kuota. Unaweka punje 100 mahali pa majimaji, unahesabu zile zilizoota. Basi kopi yako nayo uijaribu. Iweke ku diski ya nje, uende nayo ku mashini ya mtu mwingine, ufungue memwari, ufungue tablo ya Excel, ufungue picha mbili tatu. Ikifunguka, hapo ndipo fundi aguse kitu. Na usisahau vile ambavyo haviko ku biro: maneno ya siri yaliyobaki ndani ya kivinjari, maktaba ya Zotero, ramani za QGIS ulizoacha ku folda gani sijui. Kwa mwenye Windows 11 kuna mtego mwingine: diski inaweza kuwa imefungwa na BitLocker bila wewe kujua. Siku ukiitoa kuipeleka ku mashini nyingine ili kuokoa mafaili, itakudai namba ya tarakimu 48. Mara nyingi hiyo namba iko ndani ya konti yako ya Microsoft. Iandike ku karatasi.

Kitu cha pili, ile kle ya fundi. Kle moja inaingia ku mashini ya kila mtu, ndani kuna Windows iliyovunjwa kufuli, na ili ikubali wanazima kwanza antivirusi. Tunalipa mtu ili atuzimie mlinzi! Na mara nyingi bila lazima, juu mashini nyingi za okazyo tunazonunua, zile zilizotoka na Windows 10, ufunguo wa leseni uko ndani ya mashini yenyewe. Ukichukua Windows ya Microsoft yenyewe, ukaiweka ku kle ya giga 8 ao zaidi, ukachagua aina ile ile iliyokuwako, Home ao Pro, inajitambua yenyewe ikipata intaneti.

Lakini Microsoft nao tusiwaache. Walisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa Intel, karibu kila prosesa ya mbele ya kizazi cha 8 inakataliwa. Ndizo mashini zetu hizo. Home nayo inadai intaneti na konti hata mbele ya kukuonyesha biro. Mtu aliyeandika huo utaratibu, kwake mega haziishi na umeme haukatike. Kwetu umeme ukikatika katikati ya kazi na batri ilishakufa, unabaki na mashini isiyowaka.

Ndiyo sababu ninapenda kuwa na kle ingine yenye Linux Mint. Inawaka kutoka ku kle, haiguse diski, na inakuwezesha kutoa mafaili yako hata kama Windows imekataa kuwaka. Na kama Windows ingali inawaka, umuombe fundi akuonyeshe kwanza afya ya diski na CrystalDiskInfo. Ni ya bure, ni kazi ya dakika chache. Ukiona njano ao nyekundu, usikubali aformate. Toa mafaili siku hiyo hiyo, na ile pesa ya formate uanze nayo kutafuta diski nyingine.