Mfinyanzi na Vyungu vya Wenziwe

Wahakiki wa sanaa wamezoea kukitazama chombo cha udongo kama mtaalamu mvivu wa lugha alitazamavyo neno: wakiisha kujua kilikotoka, huona kazi imekwisha. Vyombo vya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950, vimepata taabu sana kwa mazoea hayo. Shingo hii husemwa ni ya Ugiriki ya kale, weusi ule ni wa wenyeji wa asili wa New Mexico, tumbo lile ni la Nigeria. Orodha hiyo si ya uongo. Lakini haielezi kwa nini chombo chake hakifanani na hata kimoja katika hivyo vilivyotajwa.

Odundo alikwenda Uingereza mwaka wa 1971 kuendelea na masomo ya uchoraji, ndipo huko akageukia udongo. Alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha sanaa cha Farnham, Michael Cardew alimhimiza aende Abuja, Nigeria, naye akaenda mwaka wa 1974. (Abuja hiyo ndiyo Suleja ya leo, wala si mji mkuu.) Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Cardew alikuwa ameanzisha huko, chini ya serikali ya kikoloni, kituo cha kuwafundisha wenyeji gurudumu la mfinyanzi, tanuri la moto mkali, na kuvipaka vyombo unga wa mawe uyeyukao motoni ukawa kama kioo. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: mwanafunzi aliyetoka Uingereza, ambako elimu hiyo ilikuwa tele, alifika kituoni akajifunza zaidi kwa wanawake wa Kigwari, ambao ufundi wao haukutoka kituoni hata kidogo.

Mashuhuri kati yao alikuwa Ladi Kwali, ambaye sura yake imo katika noti ya naira 20. Katika kuumba mitungi yake Kwali hakuhitaji gurudumu. Aliliweka donge la udongo, akalipasua katikati kwa ngumi, akazivuta mbavu zake juu, kisha akaongeza kamba za udongo, huku akilizunguka kwa miguu yake mwenyewe. Chungu kimetulia, mfinyanzi ndiye azungukaye. Tofauti hii si ndogo. Gurudumu humpa mfinyanzi duara kamili bila kumwuliza, lakini aendaye kwa miguu hulipata duara kwa kipimo cha mwili wake, naye aweza kuliacha apendapo. Vile vyombo vya Odundo vilivyoinama upande mmoja, vyenye midomo iliyopanuka kama sikio, havieleweki mpaka mtu akumbuke hatua hizo.

Sasa na yatazamwe aliyoyaacha. Kwali aliichora mitungi yake mijusi na nge. Ngozi ya vyombo vya Odundo ni tupu. Mitungi ya Kwali ya Abuja ilipakwa kile kioo, basi haikutoa jasho tena wala kuyapoza maji kama mtungi wa kijijini; Odundo alikikataa kioo, akarudi kwenye tope laini lisuguliwalo mpaka ling'ae. Kwa Maria Martinez wa San Ildefonso alijifunza jinsi moto ulionyimwa hewa ugeuzavyo udongo mwekundu kuwa mweusi, lakini michoro ya Martinez, nyeusi juu ya weusi, hakuichukua.

Kiswahili kina mfano wa jambo hili. Kilipolipokea neno la Kiarabu *kitab*, kilisikia mwanzoni mwake *ki-* yake chenyewe, kikasema *vitabu*, neno ambalo Mwarabu, asemaye *kutub*, halijui. Mkopo uliingia kwenye kiungo, haukubaki pambo. Mfano una mipaka yake, maana umma hukopa neno bila kukusudia, naye Odundo alichagua. Hata hivyo ni bora kuliko ile orodha ya asili.

Mwaka wa 2019, katika jumba la Hepworth Wakefield, vyombo vyake viliwekwa pamoja na kazi za wengine alizozichagua mwenyewe, tangu vyombo vya Ugiriki ya kale hata sanamu za Rodin. Mpango huo ulikuwa wa ukarimu, lakini una mtego. Mtazamaji hualikwa kutafuta mfanano, na akiisha kuupata huridhika, hali ilimpasa atafute pale wawili hao walipoachana.

Vingi katika vyombo hivi havina jina, wala Kiswahili hakina la kuvipa. Chungu hupika, mtungi huweka maji, chetezo hufukiza. Lugha imeviita kwa kazi zake, na hivi havina kazi. Hubaki *chombo* tu. Lakini viungo vyake hutajwa bila shida: mdomo, shingo, bega, tumbo, na vile vinundu vidogo mfano wa chuchu. Mtungi wa Kwali nao una shingo na tumbo, ila huko majina hayo yamelala, kwa kuwa jicho huyafikiria maji kwanza. Odundo ameyaondoa maji, na mwili ndio uliobaki, umesimama juu ya kitako chembamba ambacho hakuna mpishi angekiamini juu ya mafiga.